Lokesheni ya WhatsApp, Google Maps, programu ya teksi, ramani isiyokula bando au kitufe cha dharura: ipi ikusindikize njiani?

Tangu Oktoba 2023 mabasi ya mikoani Tanzania yanatembea usiku kucha. Kwa mfanyabiashara anayewahi Kariakoo na mwanafunzi anayewahi chuo ni nafuu kubwa. Kwa mwanamke anayesafiri peke yake, umeongezeka muda mpya wa wasiwasi: saa tisa au saa kumi usiku basi limeingia Stendi ya Magufuli pale Mbezi Louis, daladala bado za kuhesabu, na mlangoni wamejaa vijana wanaogombania begi lake, "Dada, bajaji? Dada, boda? Unaelekea wapi?" Nairobi mambo ni hayohayo kwa anayeshuka River Road kabla hakujapambazuka.

Simu aliyoshika inaweza kumsindikiza kwa namna nyingi, na karibu zote hazidai pesa zaidi ya bando. Kinachomchanganya ni ushauri. Dada yake anamwambia atume lokesheni, mwenzake wa kazini anamwambia apande gari la programu tu, mjomba anamwambia simu aifiche isije ikakwapuliwa. Kila mmoja ana hoja. Nimezilinganisha hapa njia tano ambazo mwanamke wa Dar, Mombasa au Nairobi anaweza kuzitumia leo bila kununua kifaa kipya.

Niseme mapema kwamba kujilinda kwa simu hakumwondolei mtu mwingine wajibu wake. Mhalifu anatakiwa aache, polisi wamkamate, halmashauri iweke taa. Mwaka 2014 wanawake waliandamana Nairobi baada ya mwenzao kuvuliwa nguo kituo cha matatu, na mwaka huohuo sheria ya Kenya ikabadilishwa: kumvua mtu nguo kwa nguvu ni kosa lenye kifungo kisichopungua miaka 10. Mabadiliko ya namna hiyo ndiyo yenye kudumu. Lakini kuna safari ya usiku wa leo, nayo haisubiri bunge.

## Vipimo

Nimetumia vipimo vinne, na cha tatu nakipa uzito kuliko vyote.

Cha kwanza ni bando, chaji na aina ya simu. Njia nzuri inayohitaji simu ya bei ghali au betri iliyojaa haimfai anayemaliza zamu saa nne usiku akiwa na asilimia kumi na moja.

Cha pili ni nani anakuona, na mpaka lini. Anayejua uliko anaweza kukusaidia. Anaweza pia kukufuatilia.

Cha tatu: ukipata shida, nani anajua? Programu nyingi zinaonyesha ulipo, chache sana zinamwamsha mtu. Nukta inayotembea kwenye ramani haina faida kama aliyetumiwa amelala.

Cha nne ni aina ya safari. Kutembea kwa miguu kutoka kituoni hadi nyumbani, kupanda daladala, kukaa nyuma ya boda na kukaa kiti cha nyuma cha gari la mtu usiyemjua ni hatari nne tofauti, na zinataka maandalizi tofauti.

## Lokesheni ya moja kwa moja ya WhatsApp

Hii ndiyo iliyo karibu na watu wengi, kwa sababu WhatsApp tayari ipo kwenye simu zao na za ndugu zao. Huduma hii ilianza mwaka 2017. Unafungua mazungumzo na mtu wako, unagusa alama ya kuambatisha, unachagua lokesheni, kisha unachagua ile ya moja kwa moja. Wengi huteleza hapo mwisho: wanatuma ile ya "nilipo sasa", ambayo ni nukta iliyoganda. Mama anaiangalia nusu saa nzima akidhani mwanawe bado yuko stendi, kumbe alishafika Kimara.

Bando na chaji. Bando inayotumika ni ndogo. Chaji ndiyo inayoisha, kwa sababu GPS inafanya kazi muda wote. Na kuna kikwazo ambacho wenye simu za Android wanapaswa kukijua: simu nyingi zina kiokoa betri kinachozima programu zilizo nyuma ya kioo. Ukishafunga kioo, baada ya muda lokesheni inakatika bila wewe kujua. Nenda kwenye mipangilio ya simu, ipe WhatsApp ruhusa ya kuona mahali ulipo muda wote, kisha itoe kwenye orodha ya programu zinazobanwa na kiokoa betri. Fanya hivyo nyumbani, mchana, na ujaribu kwa kwenda dukani na kurudi huku mwenzio akiangalia.

Nani anakuona. Walio ndani ya mazungumzo hayo tu, kwani lokesheni hii imefungwa kwa usimbaji kama ujumbe wenyewe. Muda unauchagua wewe: dakika 15, saa 1 au saa 8, na ukiisha inajizima. Hilo la kujizima nalipenda sana, maana hulazimiki kukumbuka. Angalizo langu ni makundi. Ukiituma kwenye kundi la ukoo lenye watu sitini, umemwonyesha kila mtu njia ya kwenda kwako, na bado hakuna hata mmoja aliyepewa jukumu la kuitazama. Kila mtu anadhani mwenzake anaangalia.

Ukipata shida. WhatsApp haifanyi chochote. Nukta ikisimama porini, haipigi kelele. Mtandao ukikatika, mwenzio ataona tu kwamba mara ya mwisho ilisasishwa dakika kadhaa zilizopita. Kwa hiyo nguvu yote ya njia hii iko kwenye makubaliano, na makubaliano yaandikwe, yasibaki ya kichwani. Mfano:

"Nimepanda bajaji Mbezi saa 10:15, namba hii hapa kwenye picha. Nategemea kufika Goba saa 10:45. Nikifika nakupigia, sitatuma ujumbe, ili usikie sauti yangu. Ikifika 10:55 hujanisikia, nipigie mara mbili. Nisipopokea mpigie kaka, halafu 112."

Ujumbe wa maneno yasiyofika arobaini umejibu nani, wapi, lini na hatua gani ifuate. Sauti nayo ina sababu: ujumbe wa "nimefika" unaweza kuandikwa na yeyote aliyeshika simu yako.

Inamfaa nani. Mwenye mtu mmoja wa kuaminika, aliye macho kwa saa hiyo, na safari yenye mwanzo na mwisho. Inafaa kwa usafiri wowote. Haimfai anayeishi mbali na ndugu wote, ambaye saa zake za hatari ndizo saa zao za usingizi.

## Google Maps

Google Maps ina mambo mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni kumshirikisha mtu mahali ulipo, huduma iliyoanza nayo mwaka 2017: kwa muda unaoupanga, au mpaka utakapoizima mwenyewe. La pili ni kumshirikisha safari: ukiwa umeanza kuelekezwa njia, unamtumia mtu safari hiyo, anaona unakokwenda na saa unayotarajiwa kufika, na ukifika inakoma yenyewe.

Bando na chaji. Inakula zaidi kidogo ya WhatsApp kwa sababu inachora ramani, hasa ukiiacha kioo kikiwa wazi. Unaweza kupakua eneo zima la ramani mapema, lakini ujue mpaka wake: ukiwa nje ya mtandao inakuelekeza njia ya gari, haikuelekezi njia ya miguu wala ya daladala. Na anayekutazama hatakuona mpaka mtandao urudi. Kuna jambo moja inalotupatia ambalo WhatsApp haina: mwenzio anaona kiasi cha chaji kilichobaki kwenye simu yako. Akiona asilimia 4, kisha kimya, anajua pengine betri imekwisha. Akiona asilimia 70, kisha kimya, hilo ni jambo jingine kabisa.

Nani anakuona. Wale uliowachagua wenye akaunti ya Google, na asiye na akaunti unaweza kumtumia kiungo cha muda. Hatari iko kwenye lile chaguo la "mpaka nitakapoizima". Watu huliwasha siku ya safari moja, wakasahau, na miezi inapita.

Ukipata shida. Aliyeshirikishwa anaweza kuweka taarifa imfikie ukifika au ukiondoka mahali fulani, jambo linalosaidia kwa njia za kila siku. Zaidi ya hapo, anayetazama ni yeye, si programu. India, mwaka 2019, Google iliweka taarifa inayolia kwenye simu ya abiria gari likitoka njiani kwa zaidi ya mita 500. Huduma hiyo iliwekwa kwa ajili ya India. Sisi wengine kazi hiyo tunaifanya kwa macho: ukiwa ndani ya gari, iwashe ramani, weka sauti chini, na uifuate njia mwenyewe. Dereva akikata kona isiyokuwemo, muulize palepale, kwa sauti ya kawaida, "Kaka, tunapita wapi huku?" Mara nyingi anakwepa foleni. Lakini ameshajua kwamba unafuatilia.

Aina ya safari. Hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo. Kwa usafiri wa umma Google Maps imeendelea sana Nairobi, kwa sababu Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Marekani walikusanya njia za matatu kwa simu, kituo kwa kituo, na tangu 2015 zimo kwenye ramani. Kujua mapema utashuka wapi kunakuepusha kusimama barabarani ukiuliza kila mtu.

Kwa miguu, hata hivyo, ramani inakutafutia njia ya haraka. Haijui taa. Haijui kwamba kichochoro kile kinachopunguza dakika nne kina ukuta pande zote mbili, wala kwamba duka la pale kona linafungwa saa tatu. Wenzetu wa Delhi walilitambua pengo hili mapema: mwaka 2013 ilianzishwa Safetipin, programu inayopima mtaa kwa vigezo tisa, vikiwemo mwanga, njia ya miguu, ukaribu wa usafiri, kama kuna wanawake wengine mtaani, na kama kuna dirisha au mlango ambao mtu anaweza kukuona kupitia hapo. Takwimu zake zilisaidia mamlaka za Delhi kujua pa kuweka taa, na imetumika Nairobi pia. Vigezo vile unaweza kuvitumia mtaani kwako bila programu yoyote. Tembea njia yako ya kurudi nyumbani siku moja mchana na siku moja jioni ukiwa na mtu. Weka alama kwenye ramani penye kituo cha mafuta, zahanati inayokesha, geti lenye mlinzi, wakala wa pesa anayechelewa kufunga. Kisha, unapopanga safari ya miguu, ongeza moja ya sehemu hizo kama kituo cha kati. Ramani italazimika kukupitisha barabara kubwa badala ya kichochoroni. Utapoteza dakika tano.

Inamfaa nani. Mgeni wa mji, anayesafiri mara kwa mara njia ileile, na mwenye mtu anayetaka kujua saa ya kufika bila kuuliza kila dakika.

## Programu za kuita usafiri

Uber iliingia Nairobi mwaka 2015 na Dar es Salaam mwaka 2016, ingawa Dar baadaye ilisitisha huduma. Bolt ipo miji yote miwili, na Dar inaita hata bajaji na boda. Little ilizaliwa Nairobi mwaka 2016. Kampala wana SafeBoda tangu 2014. Nairobi ilianzishwa pia An-Nisa, teksi ya wanawake inayoendeshwa na wanawake, na ndugu zetu walio Dubai wanazijua teksi zenye paa la waridi zilizoanza mwaka 2007 kwa ajili hiyohiyo.

Bando na chaji. Kuita kunahitaji mtandao na simu janja. Ukishapanda, kumbukumbu ya safari inaendelea upande wa dereva hata simu yako ikizima, na hiyo ni faida ambayo njia mbili za kwanza hazina.

Nani anakuona. Kampuni, dereva, na yule uliyemtumia kiungo cha safari. Anayefungua kiungo anaona jina la dereva, namba ya gari na njia. Dereva naye anajua ulikoshukia, na hili halizungumzwi vya kutosha. Mimi huweka nukta ya kushukia duka la jirani au geti la mtaa, si mlangoni.

Ukipata shida. Kuna kitufe cha dharura ndani ya programu, kuna mtu unayemwandikisha kama wa kuaminika, na Uber ina PIN ya tarakimu nne: ukiiwasha, dereva hawezi kuanzisha safari mpaka umtajie. Iwashe. Inakulinda na kosa la kupanda gari lisilo lako penye giza na magari kumi yanayofanana.

Ulinzi huu wote unategemea jambo moja, kwamba safari imo ndani ya programu. Dereva akikupigia kabla hajafika, "Dada, ghairi hiyo, tumalizane wenyewe, nitakupunguzia," anaomba ulinzi uzimwe. Kiungo ulichomtumia dada yako kinakufa, na kwenye rekodi za kampuni hukuwahi kupanda gari hilo. Madereva wengi wanaoomba hivyo wanalalamikia makato tu, na malalamiko yao ni ya kweli, lakini usiku jibu liwe hapana. La pili: gari likifika na namba tofauti, au sura tofauti na ya kwenye picha, usipande hata akieleza kwamba gari lake liko gereji au akaunti ni ya kaka yake. La tatu: usimwulize "Wewe ndiye Juma?" Muulize "Umekuja kumchukua nani?" Mwache yeye ataje jina lako.

Inamfaa nani. Anayetoka usiku wa manane, mwenye mizigo au mtoto, na anayeweza kulipa. Bei ndiyo inayowatenga wengi. Muuza mboga anayekwenda soko la Ilala saa kumi alfajiri kila siku hawezi kuita gari kila siku, na makala isiyosema hivyo inamdanganya.

## Ramani zisizohitaji mtandao

GPS ya simu hupokea mawimbi ya setilaiti bure. Haihitaji bando wala laini. Kinachohitaji bando ni ramani yenyewe, na ramani inaweza kupakuliwa mapema. Organic Maps, iliyotoka mwaka 2021, ni ya bure, haina matangazo wala haitaki akaunti. OsmAnd ina mipangilio mingi zaidi na toleo lake la bure lina kikomo cha ramani unazoweza kupakua. Zote mbili zinatumia OpenStreetMap, ramani inayochorwa na watu wa kujitolea.

Bando na chaji. Bando sifuri njiani, ukishapakua kwenye Wi-Fi. Na tofauti na Google Maps, hizi zinakuelekeza njia ya miguu hata simu ikiwa haina mtandao kabisa.

Nani anakuona. Hakuna. Kwa mwanamke anayemkimbia mtu, hiyo ni sifa ya kwanza kabisa.

Ukipata shida. Hakuna anayejua pia. Unaweza kutuma namba za latitudo na longitudo za ulipo kwa SMS, ambayo hupita hata penye mtandao dhaifu. Zaidi ya hapo uko peke yako.

Aina ya safari. Dar es Salaam ni kati ya miji yetu iliyochorwa vizuri, kwa sababu tangu 2015 mradi wa Ramani Huria uliwapeleka wanafunzi wa vyuo na wakazi kupita mtaa kwa mtaa, Tandale na kwingineko, wakichora hadi mitaro. Lengo lilikuwa mafuriko, lakini anayetembea usiku ananufaika na vichochoro vilevile vilivyochorwa.

Vijijini ndiko thamani yake inakoonekana wazi. Mkoani Mara, shirika la Hope for Girls and Women linaloongozwa na Rhobi Samwelly linawahifadhi Mugumu wasichana wanaokimbia ukeketaji, ambao huwa wengi hasa Desemba. Vijiji vingi vya huko havikuwemo kwenye ramani yoyote. Mradi wa Crowd2Map, ulioanza mwaka 2015, uliwakusanya watu wa kujitolea wakachora barabara na nyumba kutoka picha za setilaiti, na wakazi wakaongeza majina ya vijiji kwa simu zao. Simu ikipigwa usiku kwamba msichana yuko hatarini kitongoji fulani, wanaokwenda kumchukua wanakuwa na njia mkononi, nje ya mtandao. Sijaona mfano mwingine unaoonyesha vizuri hivyo kwamba jina la kijiji likiwemo kwenye ramani, mtu anaweza kuokoka.

Inamfaa nani. Muuguzi, mwalimu, afisa ugani na yeyote anayefanya kazi mtandao unakokatika. Mwenye bando la kubahatisha. Anayehitaji kusafiri bila kuonekana.

## Kitufe cha dharura cha simu

Hiki si cha kukuelekeza njia, lakini kimejengwa juu ya GPS ileile, na watu wengi wanacho bila kujua. Simu nyingi za kuanzia Android 12, ukibonyeza kitufe cha kuwashia mara tano mfululizo, hupiga namba ya dharura na kuwatumia mahali ulipo watu uliowaandikisha. iPhone nayo ina njia yake, na tangu 2023 ina huduma ndani ya Messages ambapo unasema unakokwenda. Usipofika kwa wakati simu inakuuliza, na usipojibu kwa dakika 15 inamtumia rafiki yako mahali ulipo, chaji na hali ya mtandao. Ndiyo pekee kati ya hizi zote inayomwamsha mtu yenyewe. Kizuizi chake ni kwamba nyote wawili lazima muwe na iPhone.

Bando, chaji, salio. Haikai ikitumia chaji. Ujumbe wa Android huenda kwa SMS, kwa hiyo laini isiyo na salio inakuangusha.

Nani anakuona. Hakuna, mpaka utakapobonyeza.

Ukipata shida. Ndiyo kazi yake. Lakini inataka uwe na mkono huru na simu karibu, na isipoandaliwa mapema haina watu wa kuwatumia. Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya usalama na dharura, andikisha watu wawili, hakikisha namba inayopigiwa ni sahihi: 112 Tanzania, 999 au 112 Kenya. Kenya kuna pia 1195 kwa ukatili wa kijinsia. Wafundishe hata mabinti wadogo wenye simu, na waambie namba ya watoto ni 116 nchi zote mbili.

Inamfaa nani. Kila mwenye simu yenye huduma hii, pamoja na njia nyingine yoyote aliyochagua.

## Anayekutazama akiwa ndiye tatizo

Kuna wanawake ambao mtu wa hatari hayuko stendi, yuko nyumbani. Kwao, "nitumie lokesheni nione" ni amri. Ukiwa katika hali hiyo, usianze kwa kuwasha chochote. Anza kwa kukagua. WhatsApp, kwenye mipangilio ya faragha, ina ukurasa unaoonyesha lokesheni zote unazotuma. Google Maps, gusa picha yako juu, fungua sehemu ya kushiriki mahali, uone majina. Tangu Mei 2024, iPhone na Android zimewekewa uwezo wa kukuonya kifaa kidogo cha kufuatilia kisicho chako kikitembea pamoja nawe, kwa mfano kilichofichwa kwenye mkoba au gari.

Ila kuzima ghafla kunaweza kumchokoza. Wanawake wengine huona salama zaidi kuacha simu hiyo nyumbani na kwenda Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, au kwa mtu wanayemwamini, bila simu hiyo.

## Kwa hali yako

Unashuka stendi usiku wa manane na una uwezo wa kulipa: ita gari la programu ukiwa bado ndani ya jengo penye mwanga, washa PIN kama programu inayo, tuma kiungo cha safari. Huna uwezo huo: kaa ndani ya stendi na abiria wengine mpaka daladala zianze. Ukilazimika kuondoka, piga picha namba ya bajaji mbele ya dereva, itume pamoja na lokesheni ya WhatsApp ya saa 1.

Unarudi kutoka kazini saa nne usiku, njia ileile kila siku, dakika kumi na tano za miguu: Google Maps yenye kituo cha kati ulichokipanga mwenyewe, na lokesheni ya WhatsApp ya saa 1 kwa jirani badala ya ndugu aliye mkoani. Jirani anaweza kutoka nje na tochi.

Unapanda boda: simu isiwe mkononi, kwa sababu ya wakwapuzi wa pikipiki. Tuma lokesheni kabla ya kupanda, iweke ndani ya nguo, na mwambie dereva mapema utakapopita.

Unafanya kazi vijijini: Organic Maps iliyopakuliwa, kitufe cha dharura kilichoandaliwa, na saa maalumu ya kutuma SMS kwa ofisi.

Una kitochi tu: SMS yenye namba ya chombo, ulipopandia, unakokwenda na saa ya kufika inabeba sehemu kubwa ya kazi ya lokesheni, na betri yako itadumu siku kadhaa.

Na kama wewe ndiye unayeombwa kutazama, weka kengele ya simu kwa saa mliyokubaliana, toa simu kwenye ukimya, na usilale kabla ya kusikia sauti. Muda ukipita, piga mara mbili. Kisha piga polisi ukiwa na vitu vitatu mbele yako: namba ya chombo, mahali pa mwisho alipoonekana, na saa kamili.